DENI USILOLIJUA KATIKA TAARIFA ZA MIKOPO: MFANYABIASHARA AFANYE NINI?

Msimu wa kununua mahindi na mpunga unapofunguka mkoani Katavi, mfanyabiashara anahitaji fedha leo, si mwezi ujao. Anayechelewa kufika Mpimbwe, Mishamo au Karema hukuta magunia yamekwisha kubebwa na wenzake. Ndiyo maana wiki hii tunaziweka kando bei za mazao na kutoa somo juu ya jambo linaloweza kumtoa mtu sokoni kabla hajanunua hata gunia moja: kunyimwa mkopo kwa sababu ya deni asilolijua.

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, si bei ya soko. Mnunuzi wa mpunga anaomba benki sh. 12,000,000/-. Bei ikiwa sh. 800/- kwa kilo, fedha hizo zinanunua tani 15. Akibakiwa na sh. 50/- kwa kila kilo baada ya kutoa gharama zote, faida yake ni sh. 750,000/-. Benki inakataa. Sababu ni deni la sh. 84,000/- ambalo anaapa hakulikopa. Deni dogo limezuia faida inayokaribia mara tisa yake.

Taarifa hizi hutoka wapi

Zamani kila benki iliwajua wadaiwa wake peke yake. Mtu aliweza kushindwa kulipa huku, akavuka barabara na kukopa kule. Mikopo mibovu ya benki za umma ilikuwa mingi kiasi kwamba mwaka 1991 ilitungwa sheria ya kuunda chombo maalumu cha kuikusanya, kilichojulikana kama LART.

Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 iliweka msingi wa kanzidata ya taarifa za wakopaji, na kanuni zake zilitolewa mwaka 2012. Wakopeshaji hupeleka habari za wateja wao katika kanzidata hiyo. Kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo Tanzania, huziandaa na kutoa ripoti kwa benki inayotaka kukopesha. Mwenye taarifa naye ana haki ya kuomba ripoti yake.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalielewi. Kampuni inayotoa ripoti si iliyokukopesha, na haiwezi kufuta deni kwa matakwa yake. Aliyepeleka habari ni mkopeshaji, kwa hiyo marekebisho huanzia kwake.

Deni geni lina sura nne

Sura ya kwanza ni deni lako mwenyewe lililobadilika jina. Mwaka 2014 Vodacom na benki ya CBA zilianzisha huduma ya M-Pawa, na watu wengi walikopa kiasi kidogo kwa simu kisha wakabadili laini na kusahau. Mwaka 2020 CBA iliungana na NIC na kuwa NCBA. Asiyewahi kuingia ndani ya tawi la NCBA anaweza kabisa kulikuta jina hilo katika ripoti yake. Vivyo hivyo Barclays Tanzania iligeuka Absa mwaka 2020, na TPB, iliyotokana na Benki ya Posta, ikawa TCB mwaka 2021. Kabla ya kukana deni, uliza mkopeshaji huyo aliitwaje zamani.

Sura ya pili ni deni ulilodhamini. Katika sheria yetu ya mikataba, mdhamini hubeba mzigo sawa na mkopaji, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Uliyemtilia shemeji yako saini miaka mitatu iliyopita, akahamia Sumbawanga bila kumaliza marejesho, amekuachia jina lako mbele ya benki. Hali ni hiyo hiyo kwa waliokopa katika kikundi kwa dhamana ya pamoja.

Sura ya tatu ni kosa la kumbukumbu. Majina yetu hufanana sana, na tarakimu moja ya kitambulisho ikikosewa deni humwangukia mwingine. Pengine mkopo ulilipwa wote lakini mkopeshaji hakupeleka habari kwamba umefungwa.

Sura ya nne ni wizi wa utambulisho. Mtu ametumia namba yako ya NIDA au laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole chako kukopa kwa simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na wako waliosajiliwa laini ya ziada bila kujua. Piga *106# uangalie namba zilizo chini ya kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika ifungwe.

Tusichanganye mambo haya na ujumbe wa vitisho wa simu. Mtu kukuandikia kwamba unadaiwa si ushahidi kwamba umeandikwa popote. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa simu bila leseni. Ujumbe wa namna hiyo usiujibu kwa kutuma fedha. Hakikisha kwanza kama mkopeshaji huyo ana leseni.

Hatua za kufuata

Kwanza, pata ripoti yenyewe. Usiridhike na maneno ya dirishani kwamba "mfumo umekukataa". Soma jina la mkopeshaji, tarehe ya mkopo, kiasi, namba ya akaunti, namba ya kitambulisho na ya simu iliyotumika.

Pili, linganisha na karatasi zako: mikataba, stakabadhi, taarifa za benki na za simu. Mkulima wa tumbaku achukue pia karatasi ya mauzo inayoonyesha makato ya pembejeo. Ikiwa makato yalifanyika na deni bado linasoma, aanzie kwa AMCOS yake, na ikishindikana amwone Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika wa mkoa.

Tatu, mwandikie mkopeshaji barua ya kupinga deni, na nakala uipeleke kwa kampuni iliyotoa ripoti. Omba mambo matatu: nakala ya mkataba, nakala ya kitambulisho kilichotumika, na uthibitisho wa mahali fedha zilikopelekwa. La tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote. Saini inaweza kughushiwa, lakini fedha lazima ziliingia katika akaunti au simu fulani. Kama si yako, hoja yako imesimama.

Nne, ukiona dalili ya wizi, toa taarifa polisi upewe RB, na namba ya simu ya tapeli iripoti TCRA kwa 15040. Namba ya RB iambatane na barua yako.

Tano, mkopeshaji asipokujibu au akikataa bila sababu, peleka lalamiko Benki Kuu penye dawati la malalamiko. Kwa mtu wa Mpanda, mojawapo ya matawi ya kuandikia ni la Mbeya. Dawati litataka kuona kwamba ulianza kwa mkopeshaji, kwa hiyo barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ni mali. Iko pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotokana na sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023.

Sita, deni likifutwa, omba barua ya mkopeshaji na ripoti mpya. Vyote viwili vipeleke benki ulikoombea mkopo. Usidhani watajijulisha wenyewe.

Je, si afadhali kulipa tu?

Wengi husema, "Sh. 84,000/- ni kitu gani? Nilipe nichukue milioni 12 zangu." Hesabu hiyo inavutia, hasa malori yanapopakia. Lakini ina hatari tatu. Kulipa ni kama kukiri kwamba deni ni lako. Pili, rekodi ya kuchelewa inaweza kubaki hata deni likisoma limelipwa. Tatu, kama ni wizi, laini ya tapeli bado iko hai, na mwezi ujao atakopa tena.

Kwa deni la zamani kuna la kuzingatia zaidi. Sheria ya ukomo wa mashauri huweka miaka 6 kwa madai ya kawaida ya mkataba. Ukilipa hata sehemu ndogo, au ukikiri kwa maandishi kabla muda haujaisha, hesabu ya miaka huanza upya. Hata hivyo, muda wa kushitaki kwisha ni jambo moja, na deni kuonekana katika ripoti ni jambo jingine.

Ukichunguza ukakuta deni ni lako kweli, basi usipoteze wakati kulikana. Jadiliana juu ya riba, lipa, dai stakabadhi na barua ya kumaliza deni.

Mfano wa barua

"Napinga deni la sh. ____ lenye namba ____ lililoandikwa kwa jina langu katika ripoti ya tarehe ____. Sikumbuki kuingia mkataba huo na barua hii si kukiri deni. Naomba nakala ya mkataba, ya kitambulisho kilichotumika, na uthibitisho wa akaunti au simu iliyopokea fedha. Msipokuwa navyo, naomba mrekebishe taarifa mlizopeleka katika kanzidata na mnijulishe kwa maandishi."

Andika tarehe, weka saini, bakiza nakala yenye muhuri.

Wakati wa kuangalia ni upi?

Ni kabla ya msimu. Kubishana juu ya deni huchukua siku nyingi, na mpunga haumsubiri anayeandikiana barua na benki. Atakayeomba ripoti yake miezi michache kabla ya mavuno atakuwa na nafasi ya kusahihisha makosa. Atakayengoja mpaka siku ya kuomba mkopo atalazimika kuchagua kati ya kulipa deni la mtu mwingine na kuukosa msimu.