Kutenganisha Damu kwa Sentrifuji Kabla ya Safari ya Maabara

Kiranjeranje ipo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi. Damu iliyotolewa hapo kwa kipimo kisichofanyika karibu hulazimika kusafiri, iwe kwenda Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, au Hospitali ya Sokoine, Lindi mjini. Somo hili linaeleza kwa nini baadhi ya sampuli hutenganishwa kabla ya safari hiyo.

Damu ikishatolewa mwilini, chembe zake huendelea kuishi na kula sukari iliyomo kichupani. Katika joto la kawaida la chumba, sukari hiyo hupungua kwa takribani asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto la pwani huharakisha upungufu huo. Aidha, ndani ya chembe nyekundu mna potasiamu zaidi ya mara 20 ya iliyo nje yake, nayo huvuja kidogo kidogo. Hivyo mwenye kisukari aweza kuonekana mzima, na mwenye figo nzima akadhaniwa yu hatarini. Kuweka damu nzima katika jokofu si dawa, kwani baridi huzidisha uvujaji wa potasiamu.

Sentrifuji huzungusha vichupa kwa kasi, chembe nzito zikasukumwa chini, majimaji ya rangi ya manjano yakabaki juu. Yakitokana na damu iliyoganda huitwa seramu. Yakitokana na damu iliyozuiwa kuganda huitwa plazma.

Kwa kupata seramu, fuata hatua hizi:

1. Simamisha kichupa kwa dakika 30 hadi damu igande vizuri.
2. Weka vichupa vyenye uzito sawa vikikabiliana. Kikiwa kimoja tu, kikabilishe na kichupa cha maji chenye uzito uleule.
3. Funga kifuniko, kisha zungusha kwa dakika 10 kwa nguvu ya mara 1,000 hadi 1,500 ya uvutano wa dunia. Mizunguko 3,000 kwa dakika hutoa takribani mara 1,000 endapo nusu kipenyo cha mashine ni sentimita 10, na mara 1,500 kikiwa sentimita 15.
4. Subiri mashine isimame yenyewe. Usiizuie kwa mkono.
5. Hamishia seramu katika kichupa safi chenye jina, tarehe na saa, kisha ukiweke katika kasha la baridi.

Kazi hii ikamilike ndani ya saa 2 tangu damu kutolewa. Seramu ikiwa nyekundu, chembe zimepasuka. Omba sampuli nyingine. Kichupa kikivunjika ndani, zima mashine na usiifungue kwa dakika 30, ili matone yaliyotapakaa hewani yatue.

Si kila damu huzungushwa. Kipimo cha wingi wa damu, hesabu kamili ya chembe na uchunguzi wa malaria kwa hadubini huhitaji damu nzima.

Umeme ukikatika, usiiache damu mezani ukingoja urudi. Wasiliana na maabara pokezi. Pengine ni heri mgonjwa mwenyewe akatolewe damu huko.

Nawe mgonjwa, ukiombwa kutoa damu mara ya pili, usidhani ya kwanza imepotea au imeuzwa. Uliza sababu, kwani sampuli iliyoharibika ikikataliwa, umeepushwa na tiba isiyokuhusu.