Kumfungia mnyama ni dhulma?

Kila ninaposifu bustani za wanyama nakumbushwa hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka. Isomwe yote: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie chakula.

Tumtazame choroa mweupe wa Arabuni. Wawindaji wenye magari na bunduki walimmaliza porini, huko Oman, mwaka 1972. Kilichomwokoa ni kundi dogo lililokuwa likizalishwa tangu 1963 katika bustani ya Phoenix, Marekani (nako ni jangwa, hakupata shida). Mwaka 1982 kizazi chake kiliachiwa huru Jiddat al-Harasis, na Waharasis wenyewe wakawa walinzi. Mwaka 1996 walifika 450. Ndipo wakaja majangili, wakiwakamata hai na kuwauza kwa matajiri. Kufikia 2007 walibaki 65. Huku kizimba, kule kizimba, lakini nia si moja.

Hata uzio wa kheri una masharti. Huko Mahazat as-Sayd, Saudi Arabia, walikorudishwa mwaka 1990, ukame ulioanza 1999 uliwaua kwa mamia katika miaka iliyofuata, uzio ukiwazuia kufuata mvua. Hapo ndipo naikubali hoja ya paka.