Mistari kwanza, upana baadaye

Bado wapo watu wanaofufua makabati ya kumbi za gemu za miaka ya 1980 na 1990. Wanaweka kompyuta ndani, wanaendesha gemu zilezile kwa MAME, emuleta iliyoanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997, na wanataka picha itoke kwenye skrini ileile ya chogo. Hapo kwenye skrini ndipo wengi wanakwama. Fundi wetu anajibu maswali yao.

Fundi, nimeunganisha kompyuta na skrini ya kabati. Picha imechanika vipande vipande na skrini inapiga mluzi. Imekufa?

Izime kwanza, ndugu yangu, ndipo uendelee kusoma. Huenda haijafa, ila iko njiani.

Ndani ya chogo mwale wa elektroni huchora picha mstari kwa mstari, kama mkulima anayelima matuta: akifika mwisho wa tuta anarudi upande ule alioanzia na kushika linalofuata. Skrini nyingi za kumbi zile ziliundwa kuchora mistari kati ya 15,000 na 16,000 kwa sekunde. Mafundi huziita skrini za 15 kHz. Kompyuta kwa kawaida hutuma zaidi ya 31,000. Sakiti inayosukuma mwale kushoto na kulia ikilazimishwa kwenda mara mbili ya mwendo wake hupata moto, na transista yake kubwa ndiyo hutangulia kuungua.

Hatari zaidi ni zile sekunde za mwanzo kompyuta inapowaka, kabla draiva haijaamka, maana hapo hutuma 31 kHz hata kama umeshapanga kila kitu vizuri. Njia rahisi ni kuipa skrini swichi yake peke yake, uiwashe kompyuta ikiwa tayari. Njia bora ni kuweka katikati kifaa kama J-PAC cha kampuni ya Ultimarc. Kifaa hicho huzuia mawimbi yenye kasi kupita kiasi, hukuza nguvu ya rangi, kwa sababu volti 0.7 za kompyuta ni chache kwa skrini hizi, na huunganisha waya mbili za kupangilia picha kuwa moja.

Basi niweke 640 kwa 480 kwa mwendo wa 15 kHz, nimalize kazi?

Picha utaipata, lakini itakuwa inatetemeka. Kwa mwendo huo mistari 480 haiwezi kuchorwa kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo mwale huchora mistari witiri kwanza, kisha unarudi kujaza shufwa. Kwa menyu ya kuchagulia gemu inavumilika. Kwa gemu yenyewe naikataa kabisa. Gemu nyingi za zama zile zilichora mistari 224 au 240 tu, palepale kila mara, na kati ya mstari na mstari pakabaki mwanya mweusi. Wachoraji wa gemu hizo walifanya kazi wakiitazama mianya hiyo. Ukiiziba umebadilisha kazi ya mtu.

Vipimo sahihi vya kila gemu navipata wapi?

MAME yenyewe inavyo. Gemu ikiwa inaendelea, bonyeza Tab, fungua ukurasa wa taarifa za mashine. Utaona pikseli za upana, idadi ya mistari, na picha ngapi huchorwa kwa sekunde. Hiyo namba ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye uhondo.

Tazama mbili hizi. Street Fighter II ya Capcom, ya mwaka 1991, ina pikseli 384 kwa mistari 224, picha 59.64 kwa sekunde. R-Type ya Irem, ya mwaka 1987, ni 384 kwa 256, picha 55.02. Ukiongeza mistari isiyoonekana, ile inayopita wakati mwale unarudi juu, ya kwanza inakuwa na mistari 262 na ya pili 284. Sasa zidisha. Zote mbili zinakupa mistari 15,625 kwa sekunde! Mwendo wa mwale ni mmoja. R-Type imeamua kulima matuta mengi zaidi kwa kila picha, ikalipa kwa kuchora picha chache.

Na 15,625 si namba ngeni kwetu. Ndiyo mwendo wa TV za chogo za Afrika Mashariki: mistari 625, picha kamili 25 kwa sekunde. Ile TV nzito iliyosukumwa stoo ina mwendo uleule wa mwale.

Nikiacha kila kitu kwenye 60 kuna ubaya gani?

Chukua Mortal Kombat ya Midway, ya mwaka 1992. Ni 400 kwa 254, picha 54.71 kwa sekunde. Ukiishikilia skrini kwenye 60 una njia mbili, na zote mbaya. Ya kwanza ni kuiharakisha gemu ifikie 60. Itakimbia karibu asilimia 10 zaidi, na mchezaji aliyeizoea atakosa kila pigo analolipangia muda. Ya pili ni kuiacha gemu na kasi yake, skrini ikarudia picha mara tano na ushei kila sekunde. Mandhari yakisogea utaona yanajikwaa, na jicho likishaona halisahau.

Kwa hiyo skrini ndiyo iifuate gemu. Skrini ya chogo haijafungwa kwenye namba moja ya picha kwa sekunde, na kuinyima uhuru huo ni kutupa sababu nzima ya kuihangaikia.

Kadi yangu ya picha inakataa upana wa 384.

Iache ikatae. Chogo hakihesabu pikseli za upana. Mwale unapita mfululizo, rangi ikipanda na kushuka njiani. Kinachohesabiwa ni mistari tu. Ndiyo maana wajuzi hutumia upana mkubwa mno, 2560, wakaacha mistari iwe kamili kama gemu inavyotaka. Gemu ya upana wa 320 inaingia mara 8, ya 256 mara 10. Ile ya 384 haigawanyiki sawasawa, lakini vipande ni vyembamba kiasi kwamba tofauti haionekani. Kwenye mistari usikubali hata mmoja wa ziada: 224 ikinyooshwa kuwa 240, baadhi ya mistari hujirudia na nyuso za wahusika huharibika.

GroovyMAME, toleo la MAME la skrini za chogo, hupanga haya yenyewe kwa kila gemu, ikisaidiwa na draiva ya CRT Emudriver kwenye Windows na kadi za Radeon za zamani. Kazi yako ni kuiambia ukweli kuhusu skrini yako: andika "arcade_15" ikiwa ni ya 15 kHz. Usiandike zaidi kwa tamaa. Daytona USA ya Sega, kwa mfano, inahitaji 24 kHz, na skrini kama Nanao MS9 inaiweza. Nyingi haziiwezi.

Gemu moja inajaa vizuri, nyingine inatoka nje ya ukingo.

Chagua moja unayoipenda iwe kipimo, rekebisha skrini kwayo, zilizobaki zisogeze kwa programu. Ukigusa koili ya upana nyuma ya skrini, tumia kifunguo cha plastiki. Cha chuma huipasua. Na kama hujawahi kufanya kazi kwenye chogo, mpe anayejua. Kuna zaidi ya volti 20,000 pale, na hubaki hata baada ya kuzima. Skrini nyingi za Japani pia zinataka volti 100, si 230 za ukutani kwetu, kwa hiyo transfoma ni lazima.

Na Pac-Man?

Pac-Man ya mwaka 1980 ilichezwa skrini ikiwa imesimamishwa wima, mistari ikishuka kutoka juu kwenda chini. Kuionyesha kwenye skrini ya ulalo unahitaji mistari 288 kwa picha 60.61, yaani zaidi ya 18 kHz. Skrini ya 15 kHz haifiki huko. Utapunguza kasi, utakata ukingo, au utavumilia mtetemo. Mimi nasema izungushwe.

Ukishaizungusha utaona madoa ya zambarau na kijani pembeni. Usitishike: ni usumaku wa dunia, sasa unaipata skrini kwa upande mwingine. Zima, subiri nusu saa ipoe, washa tena. Koili ya kuondoa usumaku hufanya kazi pale tu skrini inapowashwa ikiwa baridi.