Somo: Kuchagua Kiwango cha Ubora Unapohifadhi Video ya Familia Iliyohaririwa

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza kuchagua mipangilio inayofaa ya kuhifadhi video, kukadiria ukubwa wa faili kabla ya kulihifadhi, na kuelewana na mpiga video kuhusu kile atakachokabidhiwa.

Umuhimu wake

Katika kata ya Visiga, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, kama ilivyo kwingineko nchini, harusi, maulidi, ubarikio, mahafali na mazishi hurekodiwa kwa simu au kamera, kisha video huhaririwa. Bibi akimuusia mjukuu wake siku ya ndoa, maneno yale hayatarudiwa mbele ya kamera baada ya yeye kuaga dunia. Hata hivyo, kazi iliyohaririwa kwa siku nyingi huweza kuharibika katika hatua ya mwisho, pale mhariri anapokubali chaguo la kwanza aliloletewa na programu, kisha akafuta picha asilia ili kupata nafasi. Ubora uliopotea namna hiyo haurudi.

Mambo manne ya kuzingatia

*1. Idadi ya pikseli.* Hifadhi kwa kipimo kilekile kilichotumika kurekodi. Video iliyorekodiwa kwa pikseli 1920 kwa 1080 ihifadhiwe hivyo hivyo. Kuikuza hadi 3840 kwa 2160, yaani 4K, hakuongezi undani wowote: programu hujaza pikseli za kukisia, na faili huwa kubwa bure.

*2. Fremu kwa sekunde.* Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde. Kamera nyingi hapa kwetu hupangwa kwenye 25. Usibadili bila sababu, kwa maana mwendo wa watu huonekana kukatikakatika. Ukichanganya picha za vifaa viwili, fuata kile chenye picha nyingi zaidi.

*3. Kiwango cha data kwa sekunde.* Hiki hupimwa kwa megabiti, na ndicho kinachoamua zaidi ubora na ukubwa wa faili. Mzee aliyeketi akizungumza huhitaji data kidogo. Watu wanaocheza ngoma, majani yanayopeperushwa na upepo, au ukumbi wenye mwanga hafifu huhitaji data nyingi. Ikipungua, picha hugawanyika vipande vya mraba. Kwa video ya 1920 kwa 1080, megabiti 8 hadi 12 kwa sekunde hutosha kwa kutazama, na 16 hadi 20 hufaa kwa nakala ya kutunza.

*4. Aina ya mbano.* Mbano wa H.264, uliowekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2003, husomwa na karibu kila simu, kompyuta na runinga inayotumika leo. H.265 ya mwaka 2013 huweza kutoa ubora unaokaribiana kwa takriban nusu ya data, lakini vifaa vya zamani huweza kushindwa kuifungua. Kwa faili la kugawia ndugu, H.264 katika muundo wa MP4 ni chaguo la usalama.

Kukadiria ukubwa wa faili

Zidisha megabiti kwa idadi ya sekunde, kisha gawanya kwa 8. Jibu ni megabaiti. Tuchukue video ya harusi yenye dakika 40, yaani sekunde 2,400:

- Megabiti 2 kwa sekunde: megabaiti 600.
- Megabiti 8 kwa sekunde: gigabaiti 2.4.
- Megabiti 20 kwa sekunde: gigabaiti 6.

Flashi nyingi huuzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, hata kama nafasi ingalipo. Faili la gigabaiti 6 litakataliwa. Ligawe sehemu mbili, au ipange flashi upya kwa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo, kwa kuwa kuipanga upya hufuta kila kitu. Hakikisha kwanza kwamba runinga yako husoma mpangilio huo.

Nakala tatu, kazi tatu

- *Nakala kuu:* ubora wa juu, megabiti 16 hadi 20. Itunzwe mahali pawili tofauti, kwa mfano diski ya nyumbani na diski ya ndugu anayeishi kwingine.
- *Nakala ya kutazama:* megabiti 8 hadi 12, kwa ajili ya runinga.
- *Nakala ya kutuma:* pikseli 1280 kwa 720, megabiti 2, ili kuokoa bando.

Nakala ndogo hutengenezwa kutoka nakala kuu. Nakala kuu haitengenezwi kutoka ile ndogo. Aidha, kila video inapohifadhiwa upya kwa mbano wa namna hii hupoteza kiasi fulani cha ubora. Video iliyopokelewa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imekwisha kubanwa, hivyo isihesabiwe kuwa akiba ya familia.

Unapomlipa mpiga video

Andikianeni kabla ya siku ya shughuli: idadi ya pikseli, kiwango cha data, aina ya mbano, tarehe ya kukabidhi, na muda ambao picha asilia zitatunzwa kabla ya kufutwa. Omba pia picha asilia zenyewe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu ubora wa bidhaa au huduma. Video iliyokuzwa baadaye isiuzwe kwako kana kwamba ilirekodiwa kwa 4K. Kabla ya kumaliza malipo, itazame yote kwenye skrini kubwa, hasa sehemu zenye mwendo mwingi, na usikilize sauti.

Jipime

1. Video ya dakika 90 kwa megabiti 8 kwa sekunde itakuwa na ukubwa gani? Je, itaingia kwenye flashi ya FAT32 ikiwa faili moja?
2. Kwa nini nakala ya kutuma isitumiwe kutengenezea nakala ya runinga?

*Majibu:* (1) Gigabaiti 5.4, haitaingia. (2) Undani uliokwisha kuondolewa na mbano haurudishwi kwa kuongeza pikseli wala data.