Somo la Kikundi: Udongo wa Mkononi na Udongo wa Kompyuta



Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji wa Nakuru katika orodha ya miji ya ubunifu, kwa sababu ya kazi za mikono na sanaa za kienyeji. Lakini vikundini tunakuta mabishano. Vijana wanataka pesa za kikundi zinunue kompyuta ya kuchongea maumbo. Akina mama wafinyanzi wanajibu, "Kompyuta haichomi jiko." Tuangalie pande zote mbili.

KOMPYUTA: Iko programu ya bure iitwayo Blender. Unaanza na donge kwenye kioo, unalivuta, unalibonyeza na kulilainisha kwa kipanya. Ukikosea, unarudi nyuma palepale. Mteja aliye mbali anaonyeshwa umbo kwa simu kabla hamjachimba udongo. Lakini mashine, stima na mafunzo si bure.

MKONO: Mfinyanzi anatumia kipande cha kibuyu, gunzi la mahindi, kisu na maji. Vyote viko nyumbani. Tena vidole humwambia kama udongo ni laini mno au una mawe. Kioo hakisemi hayo.

HATARI: Udongo hunywea ukikauka na kuchomwa. Umbo la kompyuta halinywei. Kikundi kimoja tulichotembelea kilitengeneza kalibu ya chungu cha ndani ya jiko kwa vipimo vilevile vya kompyuta. Vyungu vilipotoka tanurini vilikuwa vidogo, vikacheza ndani ya mabati yaliyokwisha kukatwa. Jasho na kuni zikapotea.

FANYENI HIVI: Tengenezeni kibao cha udongo mbichi, mchore mstari wa sentimita 10. Kikausheni, mkichome, mpime tena. Mkikuta sentimita 9, udongo wenu umepungua sehemu moja ya kumi. Basi mkitaka chungu cha sentimita 27, kalibu iwe na 30. Mkibadilisha shimo la udongo, pimeni upya.

Ushauri wetu: msikimbilie kununua. Azimeni au kodini kompyuta kwanza. Kijana achore, mama apime udongo, kalibu itengenezwe na wote wawili.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kikundini mwetu nani anajua udongo, na nani anajua kompyuta? Watafundishana vipi?
2. Je, tuna mteja anayehitaji kuonyeshwa umbo kabla ya kazi?
3. Kompyuta ikiharibika, kazi yetu itaendelea?