T-28 inayokalia mkia

Swali: Fundi, ninachonga mfano wa T-28, ndege iliyotumika dhidi ya waasi wa Simba nchini Kongo mwaka 1964, kwa mti mwepesi. Nikiisimamisha inakalia mkia, na rangi inabanduka. Nifanyeje? (Msomaji, Kasongo)

Jibu: Ndugu, T-28 ina gurudumu la mbele, hivyo pua lazima iwe nzito. Itoboe, ujaze nati kuukuu, uzibe. Kuhusu vipimo, mabawa halisi yana mita 12.2 toka ncha hadi ncha. Kwa kipimo cha 1/20, yawe sentimita 61. Rangi hubanduliwa na vumbi na mafuta ya mikono. Piga msasa laini, pangusa, kisha paka tabaka nyembamba, kila moja ikauke usiku mzima. Ukitaka alama za moshi, unga wa makaa usugue nyuma ya mabomba ya moshi tu, kidogo sana.