Mtoto Kwanza, PF3 Baadaye

Mtoto akimwagikiwa na uji wa moto, mzazi aanzie wapi: kituo cha polisi au zahanati? Swali hili bado linawatatiza wakazi wengi. Jibu lake ni zahanati. Somo la toleo hili laeleza sababu, na pia yale ambayo mkazi ana haki ya kuyatarajia kwa askari polisi mtoto anapokuwa hatarini.

PF3 ni fomu ya polisi ambayo daktari huandika humo majeraha aliyoyaona, ili yawe ushahidi iwapo shauri litafika mahakamani. Haikuwekwa iwe kibali cha kutibiwa. Serikali imekwisha kueleza mara kadhaa kwamba majeruhi aliye katika hali mbaya ahudumiwe kwanza, na fomu ifuatiliwe baadaye. Jamaa mmoja aweza kwenda kutoa taarifa kituoni wakati mtoto yumo mikononi mwa wauguzi. Degedege nayo ni ugonjwa, wala haihusiani na fomu hiyo hata kidogo.

Je, askari ana wajibu gani? Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, yataja kulinda amani, kuzuia uhalifu, kukamata wahalifu na kulinda mali. Haitaji kubeba wagonjwa. Wapo wanaoishia hapo, nasi twaona wanakosea. Ibara ya 14 ya Katiba yampa kila mtu haki ya kuishi na ya kuhifadhiwa maisha yake na jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 4, yataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila hatua inayomhusu, na vyombo vya utawala vimo katika agizo hilo. Askari aliyevaa sare si mtazamaji tu.

Hata hivyo, tuseme ukweli: askari si tabibu, na si kila kituo kina gari, wala kila gari halina shida ya mafuta. Anachoweza ni kusimamisha chombo kinachopita na kumwomba dereva, kufungua njia penye msongamano, au kupiga simu hospitali wajiandae. Mwambie kwa maneno machache: “Afande, mtoto ana miaka miwili, amekunywa mafuta ya taa, twampeleka kituo cha afya.” Umri, tukio na mahali mnakokwenda vyatosha. Msaada huo hauna malipo. (Mtoto huyo, tafadhali, asitapishwe, mafuta yakiingia mapafuni madhara huzidi.)

Askari wa usalama barabarani akiwasimamisha juu ya bodaboda iliyobeba watu watatu, simameni. Kumkimbia kwaweza kuzaa ajali ya pili. Kosa halifutwi na ugonjwa, lakini askari mwenye busara ataandika namba ya pikipiki na kuwaacha mwende, kisha kosa lishughulikiwe wakati wake.

Wazazi wengine huficha jeraha kwa hofu ya kukamatwa. Ni kweli kwamba mtoto akiwa na dalili za kupigwa, daktari na polisi watauliza, na hawana budi kuuliza. Maswali hayo hayapaswi kusimamisha tiba, na daktari aliyedanganywa kuhusu chanzo cha jeraha aweza kukosea dawa.

Askari akikataa kusaidia bila sababu, andika tarehe, saa, mahali na namba iliyo kwenye sare yake. Mtoto akishatulia, peleka malalamiko kwa Mkuu wa Kituo, kisha kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko ya namna hiyo.

Namba za kuweka kwenye simu ni hizi: polisi 112, zimamoto na uokoaji 114, kwa mtoto aliyetumbukia kisimani au aliyenaswa kwenye moto, 115 kwa usafiri wa dharura wa mjamzito, mzazi aliyetoka kujifungua na mtoto mchanga asiyezidi siku 28, na 116 kwa mtoto anayefanyiwa ukatili.